Injini Mbili kwenye Barabara ya Tunduru

Tangu nirudi kutoka Tunduru mmeniuliza ilikuwaje, na kila mara nimejibu "salama tu", kisha nikifika nyumbani naona nimewanyima. Basi naandika. Mimi si msomi, niliishia darasa la saba, na injini nazijua kwa upande wa makalio tu, maana kazi yangu ni kushona viti vya magari. Nikikosea mahali, fundi yeyote anisahihishe, sitanuna.

Msamala

Kwa asiyewafahamu: nashonea pale Msamala, chini ya bati la gereji ya Aidani na Salumu. Hao wawili ni binamu. Mama yake Aidani na baba yake Salumu ni ndugu wa tumbo moja, Wayao wa Tunduru. Mama akaolewa huku Songea na Mngoni, akabatizwa, ndiyo maana mmoja akawa Aidani na mwingine Salumu. Na kwa watu hao, binamu ni mtani. Sikumbuki asubuhi ambayo Salumu hakumwita mwenzake mtoto wa kuokotwa mtoni, wala mchana ambao Aidani hakumwambia Salumu kwamba kichwa chake kililelewa kwa maji ya mabibo ya korosho. Walikuwa wakinyang'anyana kofia, sahani ya wali, hata kiti. Aliyenyang'anywa hadai wala hanuni. Anasubiri zamu yake. Miaka yote nilishona huku nacheka.

Halafu injini zikawaingilia.

Aidani ana gari la mbio la zamani, lile la pua ndefu, lenye silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, na tabo yake, ile pampu inayoisukumia injini hewa. Salumu akanunua jipya, nalo la mbio, nalo silinda sita, ila tatu upande huu na tatu upande ule, chini zimekutana na juu zimeachana, ndiyo wanaita V. Mimi huwa naziona hivi: ya mstari ni watu sita kwenye benchi moja la kanisani. Ya V ni mabenchi mawili ya watu watatu watatu, wamekaa wakigusana miguu. Sijui kama ni sawa, lakini hivyo ndivyo ninavyoziona.

Salumu alitaka gereji ipokee magari ya V, kwa kuwa ndiyo yanayoingia mjini siku hizi. Aidani akasema injini ambayo kuifikia plagi lazima uvue nusu ya gari, hiyo haikuumbiwa fundi. Siku moja mteja akaja na V yake, Aidani akaifunga boneti kabla Salumu hajachungulia. Hawakupigana. Ingekuwa afadhali. Kesho yake nilisikia hivi:

"Habari za asubuhi, ndugu."

"Nzuri, ndugu. Naomba hiyo spana, tafadhali."

Nikaacha sindano. Watu waliotukanana tangu utotoni wakianza kuombana tafadhali, hapo hapana heri. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki, ndugu huku, ndugu kule, mpaka wakakubaliana kuachana. Lakini gereji ile alianzisha baba yake Salumu, Mzee Issa, ndiye aliyewapa kiwanja na kuwaweka pamoja. Mzee akasema kwenye simu: njooni Tunduru wote wawili, mje na mtu wa haki aliyepanda magari yote mawili. Injini atakayoisema yeye, mwenye nayo atabaki na gereji. Mwingine atatafuta pake.

Mtu wa haki wakaniona mimi.

Nilimwambia mke wangu. Akaendelea kuchambua mchele. "Wewe," akasema, "kuchagua kati ya mbaazi na maharage tu mpaka moto unazimika." Ni kweli. Nilitaka kukataa, lakini kila nilipofungua mdomo mmoja wao aliniambia "asante sana, Baba Editha", kwa upole ambao ulinitia huruma.

Songea mpaka Namtumbo, ndani ya mstari

Walinifuata nyumbani Mjimwema asubuhi, magari mawili nyuma ya nyumba kama tumepata harusi. Kila mmoja akamwambia mwenzake, tangulia naye ndugu, hapana ndugu, anza wewe. Nikaona jua litatukuta pale, nikapanda la zamani, kwa kuwa ni kubwa kwa umri.

Nataka kuwa mkweli kuhusu injini ile. Haitetemeki. Niliweka kiganja juu ya kiti, mahali ambapo huwa nasikia gari linavyosema, sikusikia kitu ila mvumo mmoja mrefu, kama kwaya inapofumba midomo ikaimba puani. Aidani alipokanyaga mafuta kulikuwa na kimya kidogo kwanza, kama mtu anayevuta pumzi, halafu tabo ikaamka na mgongo wangu ukaenda nyuma peke yake. Mashamba yakawa yanateleza dirishani. Nilisahau kwa muda nimeenda kufanya nini.

"Unasikia?" Aidani akaniuliza.

"Nasikia."

"Silinda sita kwenye mstari zinasawazishana zenyewe. Hii ikishuka, ile inapanda. Hakuna anayemsukuma mwenzake."

Nilimwuliza kama ndivyo walivyokuwa wao na Salumu. Akakanyaga mafuta mpaka tulipofika kwenye kona. Na hapo kwenye kona, haki yake niseme, pua ile ndefu ilichelewa kugeuka, nikaona uzito wote uko mbele. Ila matairi ya Aidani yameisha, kwa hiyo sijui kosa ni la injini au la matairi. Kosa hilo nimelihesabu nusu.

Namtumbo, chai

Tulikunywa chai ya tangawizi na chapati kwenye kibanda kilicho karibu na stendi. Binamu wakakaa benchi moja, mimi katikati.

"Ndugu, karibu sukari."

"Asante ndugu, nimeridhika."

Mama mmoja aliyekuwa pembeni na viroba viwili vya dagaa wa Nyasa alitutazama kwa muda, akatutazama tena, akatazama magari mawili yaliyofuatana, kisha akasogea na kuinamisha kichwa. "Poleni sana na msiba, wanangu."

Salumu akasema asante. Sijui kwa nini alisema asante, nadhani upole ulikuwa umeshamzoea. Basi mama akajua hakukosea. Akasema naye anakwenda Tunduru na basi limemwacha, kama katika majonzi yetu kuna nafasi ya lifti. Kwa mtu aliyekupa pole unakataa vipi? Buti la Salumu lilikuwa limejaa vyombo vya gereji alivyobeba ili wagawane mbele ya Mzee, kwa hiyo dagaa wakaingia kiti cha nyuma cha gari lake. Kiti nilichokishona mimi. Nikafumba macho.

Namtumbo kwenda Kilimasera, ndani ya V

Hapa lazima niseme kwamba viti vya gari la Salumu ni kazi ya mikono yangu, kwa hiyo raha yote ya kukaa nimeitoa kwenye hesabu. Nimebaki na injini peke yake, kadiri nilivyoweza.

Ya V haivuti pumzi kwanza. Ukigusa, imeshaondoka. Mlima tuliokuta mbele yetu ulilainika kabla sijauona vizuri. Injini ni fupi, imekaa nyuma karibu na miguu yako, kwa hiyo kwenye kona gari linageuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Lakini ukiweka kiganja kwenye kiti, chini kabisa ya ule ukimya, kuna kitu kinachojizungusha, kidogo sana, kama mtu anayeota. Salumu alisema humo ndani wameweka chuma maalumu cha kutuliza mtikisiko, kwa hiyo siwezi kuusikia. Nikamwambia nausikia. Akafikiri, akasema, "Basi labda upo."

Nilimpenda kwa jibu hilo.

Ulikuwa ule wakati wa mwaka ambapo msitu wa kule unatoa majani mapya, na majani yenyewe yanazaliwa mekundu. Pande zote mbili nyekundu, na rangi ya shaba, na pembeni hapa na pale njano kama yai. Barabara nyeusi katikati. Gari la Aidani mbele yetu linapotea ndani ya wekundu, linatokea, linapotea. Harufu ya dagaa, joto, mvumo. Nikasinzia. Nikaona kanisa lisilo na kuta, watu sita kwenye benchi, na watu sita wengine kwenye mabenchi mawili, wote wamefumba macho, na mimi nimeshika kikapu cha sadaka sijui nianzie wapi.

"Marehemu alikuwa nani kwenu?" mama wa dagaa akaniuliza kwa sauti ya chini kutoka nyuma.

Nilikuwa bado nusu usingizini. Nikajibu, "Gereji."

"Mungu amrehemu," akasema.

Msituni

Tulipita Kilimasera, na mbele kidogo tukamkuta Aidani amesimama katikati ya barabara, ametoa mkono dirishani, kiganja chini. Tukazima injini.

Tembo walikuwa wanavuka. Hawakuwa na haraka yoyote. Mmoja alisimama juu ya lami akaipapasa kwa mkonga kana kwamba ameangusha kitu pale. Injini zote mbili zilikuwa zimezimwa, na ndipo nikajua zilikuwa na kelele kiasi gani, hata ile iliyokuwa kimya. Tulikaa hivyo mpaka boneti zikaacha kutoa milio ya chuma kinachopoa. Wa mwisho alipoingia kwenye majani mekundu aliyafunga nyuma yake kama pazia. Lakini hawakwenda mbali. Tuliwasikia, matawi yanavunjika, hapo hapo.

Aidani akawasha, likawaka. Salumu akawasha, gari likatetemeka kama lina homa. Hata mama alijua. "Linaumwa," akanong'ona.

"Linamisi," Salumu akasema. "Silinda moja imelala." Akazima.

Akashuka taratibu, akafungua boneti bila kelele. Nami nikashuka. Aidani akaja kwa kunyata, akasimama kando, mikono nyuma.

"Ndugu, kuna msaada unahitaji?" akanong'ona.

"Asante ndugu, usijisumbue."

Tawi likavunjika msituni. Salumu akaingiza mkono. Soketi ya koili, ile inayotoa cheche, ya silinda ya nyuma kabisa ilikuwa imechomoka, kishikizo chake cha plastiki kimekatika kwa ukavu. Kuiona unaiona. Kuifikia, mkono wa Salumu ni mnene, ulikwama kwenye kiwiko kila mara. Jasho likamtiririka. Aidani, ambaye vidole vyake ni vyembamba kama vya mpiga kinanda, alitazama ile injini asiyotaka kuigusa, akatazama msitu, akavua saa.

"Niruhusu, ndugu."

"Karibu, ndugu."

Nikampa uzi wangu wa kushonea viti, huwa hautoki mfukoni. Aidani akainama, mkono ukapita pembeni ya mabomba, ukazama mpaka begani. Uso wake ukalala juu ya injini ya V, shavu kwa chuma, kama anaisikiliza. Akahangaika na uzi kwa vidole asivyoviona. "Imeingia," akanong'ona. "Nimeifunga." Kisha akavuta mkono, akavuta tena. "Mkono hautoki."

Salumu akamtazama. Nami nilimtazama Salumu, na hapa ndipo ninapotaka mnisikilize vizuri, kwa sababu nililiona jambo lile likipanda usoni mwake kutoka mbali, kama gari unaloliona kwenye barabara ndefu. Akanyoosha mkono, taratibu sana, akaivua kofia ya Aidani kichwani, akaivaa yeye.

Aidani hakuweza kufanya kitu. Mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya V na wa pili umeshikilia gari asianguke.

"Wewe mla mabibo," akanong'ona. "Rudisha kofia."

"Mtoto wa mtoni," Salumu akanong'ona vilevile, "injini imekupenda. Inataka ukae."

"Nikitoka hapa nakuvunja."

"Ukitoka. Umezoea vitu vilivyonyooka kama fimbo ya babu. Hapa pana kona, unapaswa kufikiri."

"Ndiyo maana mikono yako ya mahamri ilishindwa."

Walitukanana hivyo kwa minong'ono kwa sababu ya tembo, matusi ya miezi yote waliyokuwa wameyaweka, mengine siwezi kuyaandika na mengine yanahusu shangazi ambao hawakuwepo. Salumu alikuwa anacheka bila sauti, amejikunja, machozi yanamtoka. Mabega ya Aidani nayo yakaanza kutikisika, na kila yalipotikisika mkono ulizidi kukwama. Mimi nilijiziba mdomo kwa kitambaa.

Mama wa dagaa akashusha kioo. "Kwani hawa ni nani kwa nani?"

"Binamu," nikamwambia. "Watani."

Akatukodolea macho. "Binamu, na wanaitana ndugu, ndugu? Mimi nimetoa pole bure tangu Namtumbo." Akashuka na kichupa chake cha mafuta ya nazi, akayamimina begani kwa Aidani mpaka chini, bila kumwomba ruhusa, akasema kwa utani naye, "Vuta, mla watu wewe." Mkono ukatoka na mlio wa chupa inayofunguliwa.

Gari likawaka, laini. Uzi wangu upo mle ndani mpaka leo.

Tunduru

Matemanga tulipita bila kusimama. Mama alishuka Tunduru sokoni akatuachia dagaa kwenye gazeti, akisema ni wa msiba usiokuwepo.

Kwa Mzee Issa mkeka ulikuwa umeshatandikwa barazani na korosho za kubanika bado za moto. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, karibuni, Alhamdulillahi mmefika." Binamu wakamwamkia, wakasema wanakwenda kunawa nyuma ya nyumba. Nikabaki mimi na Mzee. Hakunipa nafasi hata ya kumeza.

"Nimeambiwa wewe hupendelei. Sema. Mmoja wa wanangu leo analala bila gereji."

Nikamwambia nilivyoona, vyote. Kwamba ya mstari ni tulivu zaidi kwa asili yake, na ina utamu wa kungoja halafu kusukumwa, na fundi anaifikia kila sehemu akiwa amesimama wima. Kwamba ni ndefu na nzito mbele, ingawa matairi yalikuwa mabovu. Kwamba ya V haingoji, inageuka vizuri, inapanda mlima kama hakuna mlima, na hata kutulia imetulia, ila kwa msaada wa chuma cha ziada. Kwamba ikiumwa inaumwa mahali ambapo mkono wa mtu mmoja haufiki. Kwamba soketi ile ingeweza kuchomoka hata kwenye ya mstari, nayo ina koili, kwa hiyo nisiihesabu sana.

"Umemaliza?"

"Karibu."

"Ipi?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu, nawaapia. Lakini nyuma ya nyumba palilipuka kelele, ndoo ikaanguka, kuku wakakimbia mpaka barazani, na sauti ya Aidani ikasikika mtaa mzima ikisema Salumu alizaliwa siku ambayo mkunga alikuwa amechoka. Salumu akajibu jambo kuhusu Wangoni na ugali. Mzee Issa akainua kidole nisiseme. Alisikiliza tusi moja, akasikiliza la pili, kwa makini, kama mtu anayesikiliza gari lake lililotoka matengenezo.

"Wameanza lini?"

"Msituni, baada ya Kilimasera."

"Kwenye simu miezi hii walikuwa wananiambia, mwenzangu hajambo, mwenzangu anakusalimu. Nikasema hawa wamekwisha." Akanisogezea korosho. "Kula, Baba Editha. Jibu lako kaa nalo."

Baadaye wakaingia wamelowana. Aidani alikuwa amenyang'anya funguo za gari la V kulipiza kofia. Salumu naye akanyang'anya funguo za la mstari. Tulikula ugali wa muhogo na samaki na mbaazi za nazi, na hakuna aliyetaja kugawana vyombo. Vilibaki kwenye buti. Nilikula huku jibu langu limenikaa kooni, na nakiri lilishuka polepole.

Kurudi

Kesho yake kila mmoja alirudi Songea na gari la mwenzake, kwa kuwa funguo alizonyang'anywa mtani hazidaiwi. Mimi nilipanda nusu kwa huyu na nusu kwa yule, ingawa hakuna aliyenituma tena. Aidani alikuwa anaendesha V na kulalamika, injini gani hii haina adabu, haingoji hata mtu ajiandae, na kwenye kila mlima alikuwa anakanyaga zaidi kuliko ilivyohitajika. Salumu kwenye la mstari alizima redio akafungua kioo. Majani mekundu yalikuwa yameanza kugeuka kijani tangu jana, au labda ni macho yangu. Nilisinzia tena, na kila nilipozinduka ilinibidi niulize niko kwenye lipi.

Ndiyo hivyo. Gereji ipo Msamala, inapokea ya mstari na ya V, na asubuhi hii nilipofika Salumu alikuwa amevaa bado ile kofia. Magari hayajarudishwa mpaka leo, kila mmoja anangoja mwenzake ajisahau. Shida imebaki kwangu. Kiti cha nyuma cha V kinanuka dagaa na kinahitaji kushonwa upya. Nimemwambia Salumu, amesema gari siku hizi analo Aidani. Nimemwambia Aidani, amesema gari ni la Salumu, muulize yeye.

Nimekitoa kiti, nimekiweka juani. Nashona.